Ua la Chausiku

Tone la rangi ya buluu lilimdondokea Chausiku begani, juu ya kanga mpya, katikati ya soko la Temeke lililofurika watu. Akainua macho. Juu ya ngazi kijana mwembamba, Mwishehe mchora vibao, alikuwa akiitazama mikono ya Chausiku, iliyochorwa ua kwa hina.

"Ua hilo umelitoa wapi, dada?"

"Kichwani mwangu. Na kanga hii utaifua wewe."

Akaifua kweli. Doa halikutoka, ila mapenzi, mwenzangu, yalianzia kwenye beseni lile.

Ua lenyewe lilikuwa asumini yenye petali moja iliyojikunja. Chausiku alikuwa fundi wa hina, na bibi harusi akionekana na ua lile, Temeke nzima ilijua nani kampaka. Mafundi wenzake hawakuliiga, ndiyo adabu ya kazi. Hata pakiti zake za hina alizigonga chapa hiyohiyo.

Mwishehe mapenzi yakamlevya. Akalichora ua lile kwenye boksi la sabuni ya tajiri mmoja. Alipoulizwa kazi ya nani, akasema yake, akatia sahihi. Si yeye na Chausiku walikuwa kitu kimoja? Ulimi hauna mfupa. Tajiri akaliandikisha serikalini kuwa alama yake ya biashara.

Punde karani wa tajiri akaja sokoni na askari, wakazoa pakiti zote za Chausiku.

"Na mikono ya maharusi?" Chausiku akauliza.

"Ukilipwa kuichora, tutaonana mahakamani."

Alimfungia Mwishehe mlango. Kijana akaenda kwa tajiri kukana, akaambiwa akibadili neno atafungwa kwa uongo. Akarudi analia, akaeleza yote kupitia dirishani.

"Nitamwambia hakimu ua ni lako, wanifunge wakitaka. Lakini kabla sijaenda, nikuoe, mpenzi."

Chausiku alikuwa na hasira, na alikuwa anampenda. Akafungua mlango.

Ijumaa walioana. Mafundi wenzake walikuja kumpaka hina kwa maua yao, akawarudisha. Ua la kuazima hakulitaka. Akatoka mikono mitupu, na shangazi zake wakanong'ona kwamba mikono namna ile ni ya mwenye eda. Aliwasikia, akaificha chini ya kanga.

Jumatatu asubuhi Mwishehe alivaa kanzu yake ya harusi, akaenda mahakamani kusema kweli. Magharibi ilimkuta Chausiku mlangoni amejitanda kanga yenye doa la buluu, na mumewe hajarudi.