Chungu Kimoja, Matumbo Matatu

Mshonaji aliishi na mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, pamoja na mama mkwe wake. Asubuhi moja alipasha kiporo cha wali na mchuzi wa kuku. Alikuwa na haraka, wateja walikuwa wanamsubiri. Wote watatu wakala.

Kesho yake fundi aliharisha mara mbili, kisha akaenda kazini. Mshonaji alisokotwa na tumbo tu. Lakini mama aliharisha damu mpaka akashindwa kusimama. Wakamkimbiza hospitali, akalazwa na kutundikiwa dripu.

Wifi yake mshonaji alifika, uso ameukunja.

"Chungu kimoja, chakula kimoja," alisema. "Mbona aliyeanguka ni mama peke yake?"

"Wifi, unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu. Nauliza tu."

Mshonaji alitoka, akasimama kwenye korido, akalia bila sauti. Fundi alisikia yote, akatazama chini. Kimya chake kilimuuma mkewe kuliko lile swali.

Muuguzi alikuja kubadilisha dripu. "Mama, kabla ya kuumwa ulikuwa unameza dawa yoyote?"

Mama alisita. "Za kikohozi. Jirani alibakiza vidonge, akanigawia."

"Vya rangi mbili?"

"Hivyohivyo."

"Hizo ni antibiotiki," muuguzi alisema. "Utumboni mwetu wanaishi bakteria wengi wasiodhuru. Wamejaa, kwa hiyo mgeni mbaya hapati pa kukaa. Dawa hiyo haichagui, inaua hata hao walinzi. Na umri nao unachangia."

"Kwa hiyo ni dawa?" wifi aliuliza.

"Huenda. Hata wataalamu bado wanachunguza kwa nini bakteria mmoja humlaza huyu na kumpita yule."

Siku hiyohiyo mtafiti wa hospitali alikuja na vikopo vitatu. Aliomba choo cha wote watatu, kama wataridhia.

"Mimi nimeshapona," fundi alisema. "Choo changu cha nini?"

"Tukimpima mgonjwa peke yake, tutamlinganisha na nani? Aliyeugua kidogo anatufundisha mengi."

"Haya. Sikusoma sana, leo nimekuwa mwalimu."

Mama akatabasamu kwa shida.

Baada ya wiki tatu mtafiti aliwaita wote, pamoja na wifi. "Bakteria ni yuleyule kwa wote watatu," alisema. "Inaelekea alitoka kwenye kiporo ambacho hakikupata moto wa kutosha. Kilichotofautiana ni matumbo yenu."

"Hilo la moto ni kosa langu," mshonaji alisema.

Fundi alimgeukia. "Na mimi nilinyamaza ulipohitaji nikutetee."

Wifi alifuta macho. "Nilikudhania vibaya. Nisamehe."

"Iliniuma sana, wifi. Nitakusamehe, ila nipe muda."

Tangu hapo kiporo hupashwa mpaka kichemke chote. Mikono huoshwa kwa sabuni. Dawa hawamezi bila kupimwa.

Mama alichukua miezi miwili kupata nguvu. Kila alipokwenda kliniki, alipitia wodini na kuwaambia wagonjwa, "Mtajieni muuguzi kila dawa mliyomeza. Msione haya."

Siku moja wifi alimsindikiza. Walimkuta mwanamke akimnyooshea kidole mke wa mwanawe, kando ya kitanda cha mgonjwa. Wifi akavuta kiti, akakaa katikati yao.

"Dada," alisema taratibu, "hata mimi nilimshuku mtu. Nisikilize kwanza."