Nilibeba Lenzi ya Kupigia Simba Chumbani kwa Mama Yangu

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tisa, mkazi wa Kilosa mjini, kazi yangu kupiga video za harusi. Shule niliishia darasa la tano. Nasema bila aibu, maana waliomaliza chuo ndio huja kwangu kuniita Director. Nilianza kwa kuuza mkaa, nikanunua kamera ya mkanda, leo nina studio yenye kiyoyozi. Kuanzia Chanzuru hadi Mikumi, harusi ambayo sikuipiga mimi, watu huuliza kama kweli ilifungwa.

Sisemi haya kwa kujisifu, ndugu wasomaji... Basi, najisifu kidogo. Lakini sifa hizo hizo ndizo zilizoniponza.

Dada yangu alifariki akaacha binti mmoja, Zawadi, akiwa na miaka minne. Mama yangu ndiye aliyemlea, kule Kisanga. Kwetu milimani mtoto wa dada ni mtoto wako hasa, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Alipomaliza kozi ya video Morogoro nikamchukua studio. Mimi napiga, yeye anahariri. Akili anayo, na mdomo pia anao.

Mwaka jana nilinunua kamera moja ya hizi za kisasa, ndogo, zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Ilikuja na lenzi fupi. Zawadi aliipenda sana. Alisema inaona pana, tundu lake linafunguka vizuri hata kwenye giza linakunywa mwanga, na inapotafuta fokasi, ili picha isiwe na ukungu, haipigi kelele. Mimi sikuipenda. Ilikuwa kama kikombe cha kahawa! Mtu mzima na kitambi changu, nisimame mbele ya kamati ya harusi nimeshika kikombe?

Ndipo nikaenda Mikumi kupiga sherehe ya kumuaga mstaafu kwenye hoteli moja. Watalii walikuwa wanarudi kutoka mbugani, shingoni wamening'iniza lenzi ndefu kama mchi. Wahudumu wanawapisha njia. Mimi hakuna aliyenitazama. Moyo ukauma... Nikamuuliza dereva mmoja wa watalii zinapatikana wapi, akasema anamjua mtu anayeuza. Siku hiyo hiyo nilitoa lenzi yangu fupi, nikaongezea pesa, nikarudi Kilosa na mchi wangu.

Asubuhi Zawadi aliingia, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Akaiona mezani.

"Mjomba, tumehamia mbugani?"

Nikamwambia hiyo ndiyo lenzi ya mwanaume.

"Hiyo ni ya kupigia simba, Mjomba. Simba yuko mbali na hataki umsogelee. Sisi tunapiga bibi harusi kwenye vyumba vya watu."

"Wewe umesoma, mimi nimekula kwa kazi hii."

Akacheka. "Haya, Director. Ila siku ukitaka kumpiga mtu chumbani kwake, utasimama kwa jirani."

Na kwa kweli mwanzoni iliniheshimisha. Sherehe za uwanjani, jua kali, kamera juu ya stendi, watu wananipisha kama wale watalii. Nikaamini nimemshinda mtoto wa chuo. Kumbe jua ndilo lililokuwa linanisitiri.

Zawadi akapata mchumba, fundi wa matrekta kule Kilangali. Kwetu, asubuhi ya siku ya kutolewa, bibi harusi huketishwa ndani, anafunikwa kanga kichwa kizima, na bibi yake anampa maneno ya mwisho. Wanaume hawaingii, isipokuwa mjomba. Na maneno yale husemwa mara moja tu. Hayarudiwi, hata ulie vipi.

Safari hii yalikuwa na uzito zaidi. Dada yangu kabla hajafa alimwachia mama ujumbe wa bintiye, akasema aupate siku hiyo. Miaka yote mama alikaa nao kifuani.

Zawadi akaniita pembeni. "Mjomba, ukumbini apige yeyote. Wewe nipigie Bibi. Maneno nitayasikia, ila uso wake sitauona, nitakuwa nimefunikwa. Nataka nimwone anavyosema ya mama."

Halafu akaniomba kwa upole nikaazime lenzi fupi. Nikaitikia. Je, niliazima? Mwenye nayo hapa Kilosa ni mshindani wangu... Mimi, Director, nikabishe hodi kwake? Nikajiambia uzoefu utanibeba.

Siku ikafika. Chumba cha mama ni kidogo, dirisha moja, kitanda kimekula nusu. Niliingia kwa madaha nikamkuta mama mmoja wa kanisani ameshika simu tayari kurekodi. Nikamwambia aiweke. "Simu zote chini, akina mama. Mtaniharibia kazi." Akaniuliza, "Hata hii moja, Director?" Nikasema hata hiyo. Wakatii wote.

Nikainua kamera. Naona sikio la mama. Sikio tu! Nikarudi nyuma, naona shavu, nalo lenye ukungu, maana lenzi ile kitu cha karibu haikishiki. Nikarudi tena, mgongo ukagonga ukuta. Mama akauliza, "Mbona unahangaika, mwanangu?" Nikatoka, nikasimama uani, nikampiga kupitia mlangoni.

Kule ndani giza. Nikailazimisha kamera ione, picha ikajaa chenga. Upepo ukasogeza pazia la mlango, lenzi ikauacha uso wa mama ikalishika pazia. Inakwenda, inarudi, inanguruma, maiki inameza mngurumo. Mama tayari ameanza kusema... Ningeweza kupaza sauti kwamba nimeshindwa, watoe simu zao. Neno moja tu! Sikulisema. Nilisimama pale najifanya napiga.

Zawadi aliponiuliza baadaye, nikamwambia imetoka safi, nahariri. Kila akiuliza, nahariri.

Kabla masika hayajaisha, mama yangu akatutoka.

Matangani Zawadi alikuja na kompyuta, akaketi kando yangu mkekani. "Mjomba, nipe hata kabla hujahariri. Nataka nimwone." Sikuwa na pa kukimbilia. Nikampa.

Aliangalia yote mpaka mwisho. Pazia linaonekana uzi kwa uzi. Nyuma yake kivuli kinatikisa kichwa, kinainua mkono, kinafuta macho labda... haijulikani. Hakulia. Alifunga kompyuta akasema polepole, "Mjomba, maua ya pazia yametoka vizuri."

Kisha akauliza, "Na wale akina mama, kwani hawakuwa na simu?"

Nikamweleza. Hilo ndilo lililomwinua mkekani. Hakurudi tena studio. Nikikutana naye ananipa shikamoo yangu kamili, haipungui hata chembe, halafu anapita.

Nilijifungia studio nikapekua kumbukumbu zangu zote, nimtafutie uso wa bibi yake. Mama za watu wamejaa, wanacheka, wanalia, nimewapiga karibu mpaka vidonda vya mikono yao vinaonekana. Mama yangu mwenyewe nilimpata mara moja, kwenye harusi ya jirani, anapita na sinia la wali. Mgongo tu. Sikuwahi kumgeuzia kamera, kwa sababu hakuwa mteja.

Wenzangu mnaofanya kazi hii, nawasihi. Msichague lenzi kwa macho ya watu watakaowatazama. Chagueni kwa chumba mtakachoingia na mwanga mtakaoukuta. Kijaribuni kifaa nyumbani kwanza. Na mkishindwa, semeni mmeshindwa hapo hapo, wakati mwenye simu yake bado yupo karibu. Aibu ile ningeibeba siku moja. Hii ninayo kila nikisikia shikamoo ya Zawadi.