Siku Nne Baharini

Fundi wa kuchomelea alikuwa anapofuka, na mchumba wake hakujua. Hospitali ilimpangia upasuaji Alhamisi, saa mbili asubuhi. Alhamisi hiyo, saa mbili asubuhi, alikuwa ndani ya basi, ameketi dirishani, anamenya karanga na mwanamke anayempenda. Walikuwa wanakwenda kuitazama bahari.

Ilikuwa presha ya macho, ileile iliyompofusha baba yake. Daktari alimwambia wazi: upasuaji haurudishi kilichopotea, unalinda kilichobaki, na hata huo unaweza kushindikana. Fundi alishika hilo neno la mwisho tu. Kama ni giza, alijisemea, basi kwanza nimwone mtu wangu juani, mbele ya maji, siku nne. Halafu wakate wanachotaka. Ile dawa ya matone aliiacha nyumbani, nyuma ya redio, mchumba asije akaiona.

Kilichokuwa mbele yake alikiona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la inchi mbili. Kilichokuwa pembeni hakikuwepo.

Mchumba alikuwa mshonaji. Walikutana miaka miwili nyuma, siku ya soko, karakana imejaa watu. Alipenya katikati yao amebeba kanyagio la cherehani lililovunjika.

"Fundi, nina magauni sita ya harusi ya Jumamosi. Ukinichelewesha utayavaa wewe."

"Yatanibana kifuani," fundi akajibu.

Wateja walicheka, mshonaji akajikaza asicheke, akashindwa. Kanyagio lilitengenezwa dakika kumi. Kulirudisha kulichukua saa nzima, maana fundi alikataa kulitoa bila namba ya simu.

Ijumaa walipanda boti lenye sakafu ya kioo. Watalii waliinama, wakapiga kelele. "Kasa! Yule pale, kushoto!"

"Umemwona, mpenzi?" mshonaji akauliza.

"Nimemwona. Mzuri kweli."

Kasa alikuwa ameshakwenda zamani. Tena fundi hakuwa anatazama chini. Alikuwa anamtazama yeye, usoni, bila kupepesa, kama mtu anayekariri.

"Mbona unanitazama kama picha ya marehemu?"

"Nakutazama kama mtu wangu. Kuna ushuru?"

Mshonaji alicheka. Kisha simu ya fundi ikaita, akaikata. Ikaita tena walipofika nchi kavu, akajitenga, akanong'ona, akarudi anatabasamu kwa nguvu. Kicheko kilikuwa kimemwisha mshonaji.

Jumamosi mchana alivaa gauni la njano alilolishona wiki tatu, kila kunjo kwa mkono. Barabara ya ufukweni ilifurika watu. Alisimama upande wa kushoto wa fundi kununua aiskrimu mbili. Fundi akanyoosha mkono wa kushoto, akashika kiganja, akakivuta.

"Njoo mpenzi wangu, tukae hapa kwenye kivuli."

"Mpenzi wako nani?" Ilikuwa sauti ngeni, ya mwanamke aliyevaa nyeusi. "Baba watoto, hebu mwone huyu!"

Baba watoto alikuwa na mabega ya kubeba friji.

"Samahani sana, shemeji," fundi akasema.

"Shemeji yako nani?"

Mshonaji alisimama hatua tatu nyuma, aiskrimu inamtiririka mpaka kwenye viwiko. Wale wawili walipoondoka, akazungumza polepole.

"Yule kavaa nyeusi. Mimi nimevaa njano. Wiki tatu nimeinamia gauni hili."

"Nimekosea, mama."

"Umekosea au umezoea? Na huyo wa kwenye simu, naye unamshika mkono kwa bahati mbaya?"

"Ni watu wa kazi."

"Watu wa kazi hawanong'onezwi!"

Aiskrimu moja ilimpata fundi kifuani. Ya pili ikamkosa.

Chumbani, fundi aliingia bafuni kuosha shati. Mshonaji akafunga begi lake jekundu, akaliweka kando ya mlango wa bafu. Simu ikaita kitandani. Safari hii akaipokea.

"Haloo. Wewe ni nani?"

"Na wewe ni nani wake?" sauti ya kike ikauliza.

"Mkewe." Alisema kwa hasira tu. Hakuwa na pete wala barua ya posa.

"Afadhali nimekupata, mama. Mimi ni nesi wa kliniki ya macho. Mumeo tulimngoja Alhamisi kwa upasuaji, hakutokea. Nimempigia mpaka nimechoka, kila siku ananiambia kesho. Matone anaweka? Presha ile haimsubiri mtu. Mlete, mama. Hata leo mlete."

Aliiweka simu chini kwa mikono miwili. Fundi akatoka bafuni, akaligonga begi jekundu kwa goti, akapepesuka. Begi kubwa, rangi ya moto, mchana kweupe.

Mshonaji aliinua mkono, pembeni mwa uso wa fundi.

"Vidole vingapi?"

"Usinifanye mtoto."

"Vingapi?"

Fundi alikaza macho mbele. Halafu fundi akauliza, sauti imepasuka, "Umeinua mkono?"

Mshonaji aliketi sakafuni palepale. Alilia kama mtu anayekohoa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka hospitali."

"Ndiyo ningekupeleka, mjinga wewe!"

"Halafu ungebaki kwa huruma. Mama alimshika baba mkono miaka kumi na moja. Sikumsikia akicheka tena."

"Mimi si mama yako. Na huruma sina, muulize mteja wangu yeyote." Alijifuta kwa upindo wa gauni la njano. "Nimemwambia nesi mimi ni mkeo. Utaniacha niwe mwongo?"

"Sitaweza kuchomelea tena. Unaoa mzigo."

"Nimekuuliza kitu kimoja."

Fundi alimtafuta kwa mikono mpaka akampata. "Sitakuacha uwe mwongo," akasema. "Nioe, basi."

Jumapili walipanda basi la kwanza. Jumatatu walikuwa mlangoni mwa kliniki kabla haijafunguliwa. Daktari alipima, akapima tena. Hakugomba. Aliweka karatasi mbili mezani, ya zamani na ya siku ile, akamsomea mshonaji kilichopotea katikati ya hizo mbili. Jicho la kulia lilipasuliwa jioni hiyo. La kushoto halikuguswa. Hapakuwa na cha kuokoa.

Walifunga ndoa mwezi uliofuata, na fundi akamwona bibi harusi vipande vipande, uso kwanza, kisha mabega. Karakana aliichukua mtu mwingine.

Kwa hiyo, bei ya safari: jicho la kushoto lote. Nusu ya kile kilichokuwa kimebaki katika la kulia. Kazi ya miaka kumi na tisa. Na katika zile siku nne, mbili zilikuwa za basi. Bahari aliitazama mbili tu.