Usipa wa Mbalamwezi

Kufuli lilikuwa limekatwa.

Hilaria Ndunguru aliliona saa mbili asubuhi ya Jumamosi, alipovuta sanduku la bati kutoka uvunguni ili apange nyaraka za safari. Kompyuta ilikuwemo. Vyeti vya uuguzi vilikuwemo. Majibu ya vipimo vya kifua kikuu, mkataba wa kazi, cheti cha ndoa kilichotafsiriwa na kugongwa muhuri, kila kimoja kilikuwa katika bahasha yake. Bahasha ya pasipoti ndiyo haikuwemo. Pasipoti nne: yake, ya mumewe Sebastian, ya binti yao Marselina na ya Damiano, mdogo wake Marselina.

Hakupiga kelele. Alifunga chumba kwa ufunguo, akatembea hadi kituo cha polisi cha Mbinga.

Aliyempokea ni Inspekta Ambokile Mwaisaka wa upelelezi. Ambokile alizaliwa Matema, kule ziwa linakoishia upande wa kaskazini, lakini kwa kuwa alihamishiwa hapa kutoka Mbeya mjini, kila mtu alimwita Mmbeya. Hakuwahi kumsahihisha mtu.

"Safari ni ya nini, Sista?"

"Kazi. Hospitali moja Ulaya, mkataba wa miaka mitatu. Viza ya kazi ya muda. Mwajiriwa ni mimi. Mume na watoto ni wategemezi wangu."

"Miadi ya viza lini?"

"Jumanne, Dar es Salaam. Pasipoti halisi na alama za vidole. Basi letu ni kesho alfajiri."

"Mkikosa Jumanne?"

"Nafasi inayofuata ni baada ya wiki mbili. Mwajiri atanisubiri." Hilaria aliendelea kwa sauti ileile: "Lakini Marselina anatimiza miaka kumi na minane Jumatano. Akishatimiza, si mtegemezi tena. Ombi likipokelewa Jumanne, anakwenda. Likipokelewa baadaye, anabaki."

Ambokile aliinuka na kuchukua kofia yake.

Nyumba ilikuwa mtaa wa juu, nyuma ya shamba dogo la kahawa. Inspekta alipiga magoti chumbani. Kufuli lilikuwa limekatwa kwa msumeno wa chuma, na chembe za chuma zilikuwa zimerundikana mahali pamoja juu ya mkeka, karibu na kitanda. Hakukuwa na alama ya kubomoa mlangoni wala dirishani.

"Mara ya mwisho kulifungua?"

"Alhamisi jioni, kabla ya kwenda zamu ya usiku. Ilikuwa zamu yangu ya mwisho. Ijumaa nilirudi nikalala, mchana nikaenda kuagwa na wenzangu. Sikuligusa."

"Alhamisi usiku nani alikuwa hapa?"

"Muulize Devotha."

Devotha, mdogo wake Hilaria, alikuwa jikoni akichambua usipa, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Ndiye angebaki kutunza nyumba.

"Shikamoo Afande. Kama umekuja kunikamata, ngoja niepue maharage."

"Marahaba. Alhamisi usiku mlikuwa wapi?"

"Jumuiya. Tulisali kwa Mama Egidi, sote, na shemeji pia. Ila yeye alitangulia kurudi, kichwa kinamuuma. Sisi tulirudi baadaye na watoto. Hata tochi hatukuwasha, mbalamwezi ilikuwa kama mchana."

"Mlango mliufunga?"

"Wa mbele. Wa uani tuliusahau." Alitazama chini, kisha akainua kidevu. "Afande, mimi nawaombea hawa waende hata leo! Chumba cha dada nimeshakipimia mapazia."

Ambokile alichukua usipa mmoja kwenye ungo na kuuvunja kwa vidole viwili. Ulikatika kwa mlio, kama kijiti. Chembe za mchanga zilibaki kiganjani.

"Huu umetoka wapi?"

"Shemeji aliuleta jana kutoka ziwani. Mbichi kabisa, alisema, wa kula safarini. Mimi naona umekauka kama kuni, lakini sisi wa milimani tunajua nini?"

Saa tano inspekta alikuwa ofisini kwa Wilfred, wakala aliyewasaidia kufungua maombi. Ukuta ulijaa picha za ndege. Wiki iliyopita Wilfred na Hilaria walikuwa wamegombana mbele ya watu.

"Ni kweli uliomba kukaa na pasipoti zao?"

"Kwa usalama, Afande. Akanijibu kwamba pasipoti ya mtu haikai kwa wakala, hata kama wakala ni padri."

"Alisema sawa."

"Alisema sawa, lakini alisema kwa sauti." Wilfred alijipangusa paji la uso. "Mimi nalipwa na mwajiri wakishapanda ndege. Niibe daraja ninalovukia? Halafu Alhamisi sikuwepo hata hapa. Nililala Songea, nimempeleka mteja kufuatilia cheti cha polisi."

Simu moja kwa mwenye nyumba ya wageni, nyingine kwa mteja, zikathibitisha.

Ambokile alirudi kituoni, akakaa bila kuandika kitu. Kompyuta iliachwa, kwa hiyo hakuwa mwizi wa mitaani. Pasipoti zilichukuliwa zote nne, lakini vyeti ambavyo vingechukua miezi kupatikana upya havikuguswa, kwa hiyo hakuwa adui. Adui angechoma kila kitu. Msumeno ulikatia chumbani taratibu, chembe zikarundikana sehemu moja: mkataji hakuogopa kukutwa mle. Na kila aliyekuwa anabaki Mbinga alikuwa na faida safari ikiwepo, akiwemo Devotha na mapazia yake. Aliyefanya hivi hakutaka kuizuia safari. Alitaka kuichelewesha. Na ucheleweshaji ule ulikuwa unamkata mtu mmoja tu.

Akaagiza Marselina aitwe, pamoja na mama yake.

Msichana alikuja na sare ya kwaya, uso umevimba kwa kulia.

"Unataka kwenda?" Ambokile alimuuliza.

"Nataka kusomea maabara. Chuo nimeshakiangalia. Nikienda kama mtegemezi, kusoma inaruhusiwa." Alimtazama mama yake. "Nikibaki, ni lini tena?"

"Kuna mtu anataka ubaki? Rafiki? Mchumba?"

"Mchumba!" Marselina alicheka katikati ya machozi. "Afande, kwa mama huyu?"

Wa mwisho alikuwa Mwalimu Sebastian Nombo, mzaliwa wa Liuli. Aliingia akiwa amechomekea vizuri, akaketi wima.

"Mwalimu, Alhamisi ulitangulia kutoka jumuiya."

"Kichwa kiliniuma. Nikanywa dawa nikalala. Sikusikia kitu."

"Na Ijumaa?"

"Alfajiri nilishuka ziwani kununua usipa. Jioni nikarudi."

"Ulifika kwa mama Liuli?"

"Hapana, muda haukutosha. Niliishia Mbamba Bay, mwaloni. Mitumbwi ilikuwa inashusha usipa wa usiku ule, mbichi, unang'aa. Nikaununua, mama mmoja akanianikia juani, nikarudi nao."

"Jua la siku moja?"

"Kule jua ni kali, Afande. Si kama huku kwetu milimani, wala kwenu Mbeya."

"Kweli," Ambokile alisema. "Mbeya ni baridi." Akainuka. "Mwalimu, tunashuka ziwani sasa hivi. Na Sista, na binti. Nataka kununua usipa."

Sebastian alimtazama mkewe, akakuta anatazama dirishani.

Gari la polisi lilishuka mlima kwa zaidi ya saa moja, dereva akilalamikia kila kona. Walipofika mwaloni Mbamba Bay, mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani. Nyavu zilining'inia. Vichanja vya kuanikia vilikuwa vitupu, na mbuzi mmoja alikuwa amelala juu ya kimojawapo. Mzee mmoja alikuwa akiziba tundu la wavu kwa sindano ya mti.

"Shikamoo mzee. Tumefuata usipa mbichi."

"Marahaba. Mbichi?" Mzee aliwatazama kama watu waliofuata theluji. "Mwezi umejaa, mwanangu. Taa ya mvuvi inashindana na nani? Ukitoka na mbalamwezi hii utavua kivuli chako. Tumepumzika tangu wiki iliyopita. Rudini giza likirudi." Kisha akakaza macho. "Si Sebastian wa Mama Nombo huyu? Wewe nawe umesahau?"

Sebastian alikwepa macho yake.

"Mimi ni wa Matema, Mwalimu," Ambokile alisema. "Ziwa hilihili, usipa huuhuu. Uongo wako uliutunga kwa watu wa milimani, na ungewatosha. Usipa uliovunjika mkononi mwangu ulikauka siku nyingi, ulivuliwa wakati wa giza na kuhifadhiwa na mtu. Jana hukununua kitu mwaloni. Kwa nini basi ukane kwamba ulifika kwa mama yako, ambako kweli uliutoa?"

Walifika Liuli jua likiwa bado juu. Bibi Marselina Nombo alikuwa ameketi kibarazani, mkongojo ukiwa pembeni. Msichana alishuka wa kwanza, akapiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajina wangu. Mmekuja wote? Mbona mna polisi?"

"Mama," Ambokile alisema, "jana mwanao alikuletea mzigo?"

"Aliniletea, na akachukua usipa wangu gunia nusu. Kasema ni vitu vya shule, nisivifungue, atavifuata Alhamisi." Bibi alielekeza mkongojo ndani. "Viko kwenye gunia la usipa uliobaki. Kuna ubaya?"

Hilaria aliingia mwenyewe. Alitoka na bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, akahesabu pasipoti, akazinusa, akakunja uso.

"Sasa sema," alimwambia mumewe.

Sebastian alisema akitazama ardhi. "Alipozaliwa tulimpa jina la mama. Nikaahidi mbele ya ukoo kwamba wajina wake atakuja kukaa naye uzeeni. Ndivyo kwetu. Mama sasa hawezi hata kuchota maji. Ningekwambiaje, Hilaria? Ungekataa. Nikaona niicheleweshe safari siku moja tu. Sheria yao iseme hapana. Isiwe mimi."

"Kwa hiyo ulitaka mimi niilaumu sheria miaka mitatu," Hilaria alisema, "na mtoto ajilaumu kwa kuzaliwa Jumatano."

"Nani alikudai hiyo ahadi?" Bibi aligonga mkongojo sakafuni. "Mimi? Nilihitaji mtu, ndiyo. Nilisema mtu! Sikusema mwizi aniletee mjukuu kama alivyoleta pasipoti, ndani ya gunia!"

Marselina alikuwa amesimama katikati yao. "Baba, ungeniuliza," alisema.

Ambokile alimgeukia Hilaria. "Mlalamikaji ni wewe. Jalada liendelee?"

Hilaria alichambua pasipoti, akatenga tatu, akazitia kwenye mkoba wake. Ya nne akaiweka juu ya mapaja ya mumewe.

"Lifunge, Afande. Mume mtegemezi hafungwi na umri. Anaweza kuomba kumfuata mwenye mkataba hata baada ya mwaka, karatasi zikiwa sawa. Nimezisoma." Akamgeukia Sebastian. "Mama yako anahitaji mtu, na ahadi ni yako. Likizo bila malipo umeshaipata. Ndoo ziko nyuma ya nyumba."

"Hilaria..."

"Basi letu ni saa kumi na moja alfajiri. Kuja kutuaga si lazima."

Bibi alimtazama mkwewe, kisha mwanawe. Akamnyooshea mwanawe mkongojo.

"Anza na ile kubwa," alisema. "Maji yamekwisha tangu asubuhi."

Sebastian aliitia pasipoti mfukoni, akaenda nyuma ya nyumba. Walipokuwa wakigeuza gari walimwona akishuka ziwani na ndoo. Jumanne saa nne asubuhi, Dar es Salaam, karani alizifungua pasipoti tatu, akanusa harufu ya samaki, na kuuliza kwa heshima kama familia ile inatoka pwani.

"Ziwani," Marselina alijibu, akaweka vidole vyake kwenye kioo cha kuchukulia alama.