Nani Kapanda Mkomamanga

Siku Mwanvita alipokutana na Eustace hakuwa na hamu ya kukutana na mtu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani, vumbi la pamba bado liko kwenye nyusi, dera lake la zambarau limepauka mabegani, na simu imemzimikia mkononi. Soko la Mwembesongo lilikuwa limekwisha kuchangamka: wauza mitumba wanapiga makofi, spika ya muuza dawa ya panya inajisifu peke yake, harufu ya vitumbua inamkumbusha kwamba hajala.

Fundi simu, Yusuph, aliifungua ile simu, akaiwasha, akaitazama, akacheka.

"Dada Mwanvita, simu yako haijafa. Imeshiba. Ndege watupu humu. Nifute nusu?"

"Usifute hata mmoja."

"Sasa itafanyaje kazi? Ndege, ndege, ndege. Wewe mwenyewe hata sura yako haimo."

"Sura yangu naijua."

Kando ya meza alisimama mwanamume mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Alikuwa anasubiri chaja ya kamera. Alinyoosha shingo bila haya.

"Samahani dada. Huyu wa kifua chekundu umempata wapi?"

"Uani kwangu, Kilakala."

"Uani? Mimi nina kamera nzito kama tofali. Napanda mlimani alfajiri, nashuka na picha za majani."

Mwanvita alimsikiliza anavyolivuta neno, akamjua kwao. "Wewe si wa Bukoba?"

"Umejuaje?"

"Basi usiwalaumu ndege. Nyinyi mnakula senene. Ndege akikuona anamwona mtu wa kugombea naye chakula."

Yusuph aliangusha bisibisi kwa kucheka. Yule mwanamume naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha chini, cha mtu anayemsikiliza mwenzake kwanza. Akasema anaitwa Eustace, ana studio njia ya Mazimbu, picha za pasipoti na mahafali.

"Na nikiomba kuja kuwaona hao ndege?"

"Uje Jumapili. Usije na kelele."

Mambo ya ndege yalianza mama yake Mwanvita alipofariki. Nyumba ikabaki na mtu mmoja, na mtu huyo analala mchana wakati mji mzima unapiga honi. Usingizi ukamkataa. Akawa anakaa mlangoni mwa jiko anatazama ua, na ua ule ulikuwa ndio kitu pekee alichorithi ambacho hakikuvuja. Siku moja akaning'iniza kifuu chenye vipande vya papai kwenye mlimau. Akaja shore, wakaja kwenzi, wakaja chiriku. Akakata chupa ya soda, akatia maji ya sukari, akaja chozi, yule mdogo mwenye mdomo wa kupinda, anayemeta kama kitambaa cha harusi. Mwanvita akamnyooshea simu. Siku ile alilala mpaka alasiri.

Eustace alikuja Jumapili baada ya misa, na viatu vinavyong'aa. Mwanvita alikuwa ametundika kanga kuukuu mlangoni, imetobolewa tundu la kutolea macho ya kamera. Walikaa nyuma yake kwenye vigoda, magoti yanagusana kwa kukosa nafasi, wakinong'ona. Na watu wawili wakinong'ona kutwa nzima, hata wakiongea habari za bei ya nyanya, minong'ono hugeuka mapenzi.

"Huyu anaitwaje?"

"Chozi."

"Anavyong'aa hivyo? Aliyempa jina alikuwa na shida zake."

"Alikuwa katoka zamu ya usiku."

Jumapili zikafuatana. Eustace aliichapa picha moja ya ndege aliyoipiga Mwanvita kwa simu hiyo hiyo, akaitundika studio katikati ya wahitimu wenye majoho, chini yake kaandika jina la mpigaji. Wanachuo wakawa wanauliza huyo Mwanvita ni profesa wa nini. Simu nazo hazikukatika.

"Mama wa ndege, umelala?"

"Ungetaka nilale ungepiga?"

"Nataka nikusikie tu, halafu ulale."

"Umeshanisikia. Kwaheri, mpenzi." Neno lenyewe lilimtoka kabla hajalikagua. Alikata simu, akakaa kitandani anajishangaa.

Kiwandani Pendo, wa mashine ya jirani, alikuwa hampi nafasi. "Mluguru na Mhaya. Huyo atakufundisha kuvaa soksi mpaka bafuni."

"Soksi zangu zimetoboka, atashona."

"Amesema nini kuhusu ndoa?"

"Hajasema. Mimi nimechoka kusubiri wanaume waseme, Pendo. Akisema nitasikia."

Kiangazi kikaja. Maua yakakauka ua mzima, maji ya sukari yakajaa nyuki na sisimizi, chozi akaacha kuja. Mwanvita hakulalamika, ila Eustace alimwona anavyokitazama kitawi kitupu. Basi siku moja Mwanvita yuko zamu ya mchana, ujumbe ukaingia simuni, wenye picha: mche wa mkomamanga umesimama katikati ya ua wake, umezungushiwa uzio wa matete, udongo umelowa. Chini kaandika: *Nimekupandia. Ukitoa maua mekundu, chozi wako hahami tena.*

Pendo alisoma begani kwake, akasema, "Jamani, mwanamume huyu."

Mwanvita alilirudia kulisoma lile neno moja, *Nimekupandia*, akaizima simu.

Lazima nieleze hapa, maana wapo wanaopita mjini kwetu kila siku na hawajui wanakanyaga nini. Uluguruni ardhi hufuata tumbo la mama. Mwanamume anaoa, analima, anakula, anazikwa kwa heshima, lakini hapandi mti wa kudumu kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Mahindi huvunwa yakaisha. Mti hauishi. Mti ni hati. Na tuna sababu. Mjerumani alishika tambarare akapanda mkonge. Mwingereza akaja na amri ya matuta, watu wakachimba mlima wao wenyewe kwa kulazimishwa. Na baada yao kila mwenye kofia aliyepita na miche aliondoka na ardhi yenye ukubwa wa kivuli chake. Hata bibi yake Mwanvita, kule Kinole, alimkaribisha mgeni alime muhogo. Mgeni akachomeka michungwa pembeni, kidogo kidogo, kwa adabu. Siku ya kuamuliwa kesi ya shamba hakuleta shahidi hata mmoja. Alinyoosha kidole tu kwenye michungwa. Bibi alikufa anakaa chumba cha kupanga, na mama yake Mwanvita alikua anasimuliwa habari hiyo kila anapolishwa uji.

Alipofika nyumbani jioni ile alimkuta mjomba wake, Mansuri, kaka wa mama, amekaa kigodani mbele ya mche kama mtu aliyekaa na mgonjwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani kapanda?"

"Mgeni wangu. Hajui, mjomba."

"Hata yule wa Kinole alikuwa hajui. Akajua baadaye."

"Nitaung'oa sasa hivi."

"Usiuguse. Ukiung'oa wewe, kesho atasema alikuwa na mti hapa, ukang'olewa. Aliyepanda ndiye ang'oe, mchana, watu wanaona."

Mwanvita alipiga simu huku amesimama, hata mkoba hajautua.

"Eustace, nani alikutuma upande mti kwangu?"

"Moyo," alisema Eustace kwa furaha, hajashtuka.

"Huo moyo wako hauna shamba Bukoba?"

"Unasemaje?"

"Nimeuliza."

"Nimekupandia maua, Mwanvita, wewe unaniona mnyang'anyi?"

"Sijasema mnyang'anyi."

"Umesema shamba."

"Uje uung'oe."

"Siji kung'oa zawadi. Utafute mwenye roho hiyo." Akakata.

Simu zikakoma. Jumapili zikawa siku za kufua. Shore waliendelea kuja kwenye papai, wakapigana, wakanya, wakaondoka, na Mwanvita hakuinua simu. Alirudi kwenye kutolala. Mche nao ukakaa pale katikati, haukui, haufi. Aliapa hatautia maji. Ila maji ya kuoshea vyombo lazima yamwagwe mahali, na mahali penyewe ilitokea kila mara ni pale kwenye shina.

"Unaumwagilia," Pendo alimwambia alipomtembelea.

"Namwaga uchafu."

"Mpigie yule mtu."

"Nimwambie nini? Kwamba nimebeba kesi ya bibi yangu mgongoni tangu sijazaliwa? Nimechoka, Pendo. Nimechoka hata kuwa na haki."

Lakini aliposema hivyo aliyasikia maneno yake mwenyewe. Asubuhi iliyofuata, badala ya kwenda kulala, alikwenda mpaka njia ya Mazimbu. Eustace alikuwa anamrekebisha kola mzee mmoja aliyevaa koti jeusi la studio, lile lile linalovaliwa na kila mtu wa pasipoti. Alimpiga picha, akamtoa, akageuka. Alikuwa amekonda, na shati halikupigwa pasi.

Mwanvita alikaa kwenye stuli ya wateja, taa inammulika usoni, akamsimulia habari ya Kinole yote, mpaka chumba cha kupanga. Eustace hakumkatiza.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Kuchoka si jibu."

"Kwa mtu wa zamu ni jibu."

Eustace aliizima taa. "Baba yangu alikuwa bubu wa mambo haya. Alipomtaka mama alikwenda kwao akampandia mgomba, akaondoka. Mama akaelewa. Mimi nimerithi ububu huo huo. Nilikuwa nakuposa, Mwanvita. Sikujua kwenu posa hiyo ni wizi."

Mwanvita aliinamisha kichwa. Kile alichochoka kukisubiri kilikuwa kimesimama uani mwake muda wote huo, anakimwagia maji machafu.

"Mjomba bado anataka uung'oe," alisema.

"Nitakuja."

Alikuja Ijumaa, watu wanatoka msikitini, ili waone. Alikuwa amevaa lile koti jeusi la studio. Majirani walisimama kwenye ukuta. Mansuri alikaa kigodani, kanzu imekunjwa magotini. Eustace alimpa shikamoo, akaomba jembe, akachimba polepole kuuzunguka mche, asikate mzizi, jasho linatona kwenye koti la watu. Alipoutoa, aliufunga na udongo wake kwenye mfuko wa salfeti.

"Mbele ya watu hawa," alisema, "mimi sina kitu hapa."

"Tumesikia," alisema Mansuri.

Eustace akaupakata mche, akaelekea mlangoni pa kutokea.

"Uweke chini," Mwanvita alisema.

Alichukua jembe. Alilipanua lile lile shimo, akapiga magoti na dera lake la kazi, akaushika mche kwa mikono miwili, akaufukia, akaushindilia kwa ngumi. Kazi ilimchukua muda. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliponyanyuka alipepesuka kidogo.

Mansuri alikohoa. "Nani kapanda mkomamanga?"

"Nimepanda mimi."

"Basi ni wako." Mzee alijikung'uta kanzu, akamtazama Eustace na koti lake. "Mambo ya dini mtakwenda kuzungumza na wenye dini. Mimi nilikuja kwa ajili ya mti." Akaondoka na majirani wakamfuata, wanabishana.

Walibaki wawili. Kucha za Mwanvita zilikuwa nyeusi kwa udongo.

"Sasa wewe huna mti hapa," alimwambia. "Huna hata jani. Ukija, unakuja kwa ajili yangu tu."

"Nilikuwa nakuja kwa ajili hiyo hiyo."

"Najua. Nilitaka nione bila mti." Alijiegemeza kwenye kizingiti cha jiko, akafumba macho. "Usiku naingia kazini. Ngoja nilale."

"Niende, basi? Nirudi lini?"

"Sikusema uende," alisema Mwanvita, sauti imeshaanza kuzama. "Kaa."

Eustace akavua koti, akakaa.