Mtamba wa Karani

Treni ya pwani iliingia stesheni ya Dodoma, na mahali pote pakajaa moshi, mizigo na makelele. Nikodemo, karani wa mizigo, alirudi nyuma kuwapisha wapagazi. Mwavuli wake ukagonga kibuyu cha msichana muuza maziwa.

“Mbukwa, bwana mkubwa,” msichana alimsalimu kwa Kigogo. “Mgongoni huna macho?”

Nikodemo aligeuka. Alikuwa na suti nyeupe na viatu vya ngozi vinavyolia kila hatua. Msichana, Loisi, alijifunga kaniki iliyopauka, na shanga nyekundu shingoni. Karani alizitazama zile shanga mpaka akasahau treni.

Aliomba kikombe cha maziwa, akatoa rupia nzima. “Inayobaki nunua kanga. Hiyo kaniki imechoka.”

Loisi alimrudishia yote iliyobaki. “Kikombe ni hela mbili. Kaniki yangu haijakuomba kitu.”

Tangu hapo, kila treni ikiingia, karani alishikwa na kiu.

“Leo umechelewa, mpenzi. Nilitaka kukupigia simu.”

“Ng’ombe wa baba hawana simu. Njoo ukamue mwenyewe, tuwahi.”

Mapenzi yakaiva. Loisi akawa anamfichia kikombe cha mwisho, chenye mtindi mzito.

Mwisho wa mwezi Nikodemo akampa mpagazi nusu gunia la mchele apeleke kwa kina Loisi, Ipagala, na maneno haya: “Msilale njaa.”

Kesho yake Loisi alilirudisha gunia kichwani, akalitua mbele ya vile viatu.

“Njoo jioni uione njaa yetu.”

Alikwenda. Ng’ombe walikuwa wanarudi zizini. Waliingia, wakaingia, wakazidi kuingia, mpaka nyumba yao ya tembe ikapotea katika vumbi. Baba yake Loisi, kaniki yake imetoboka begani, alimtazama mgeni.

“Una ng’ombe wangapi, kijana?”

“Sina, mzee.”

“Mbuzi je?”

“Sina.”

“Masikini! Loisi, mpe maziwa mtoto wa watu, asilale njaa.”

Nikodemo aliyanywa, masikio yanawaka moto.

Tangu siku ile hakununua maziwa tena. Sukari aliacha, sigara aliacha, suti akaifua mwenyewe. Mwavuli ukaonekana kwa karani mwingine. Loisi aliona kitu kimoja tu, kikombe cha mwisho anarudi nacho nyumbani.

“Siku hizi huna kiu? Au umempata mwenye kanga?”

“Ningoje mpaka mvua, Loisi.”

“Mimi si uwele wa shambani, ningoje mvua.” Akahamishia kibuyu chake upande wa pili wa stesheni.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Nikodemo alifika Ipagala miguu mitupu, amelowa, anavuta mtamba mwekundu kwa kamba.

“Shikamoo, mzee. Ni mmoja tu. Lakini ndiye viatu vyangu, mwavuli wangu na sukari yangu.”

Mzee alimpapasa mtamba mgongo, akamtazama meno. “Mahari ni ng’ombe wengi, kijana.”

“Najua, mzee. Nimeanza.”

Loisi alitoka mlangoni. Aliitazama miguu yenye matope, akaelewa kiu ilikokwenda.

“Baba, azalie humu kwetu. Nitamtunza mwenyewe mpaka ng’ombe wa mahari watimie.”

Mzee alifungua kamba, akamswaga mtamba ndani ya kundi lake.

Asubuhi Loisi alikuwa mahali pake pa zamani. Alijaza kikombe, akakishika.

“Na mchumba naye analipa?” Nikodemo aliuliza.

“Hela mbili, mpenzi. Kama kila mtu.”

Alilipa. Akanywa amesimama wima, miguu mitupu, katikati ya abiria wenye viatu.