Kasuku Achagua Mifumo ya Habari

Kila asubuhi cherehani ya baba ilianza kuunguruma kabla jirani yeyote hajafungua dirisha. Baba alikuwa fundi nguo. Alishona sare za shule sebuleni. Binti yake, mwenye miaka kumi na tisa, alikaa kando yake akishona vifungo na kuongea bila kituo. Nyumba nzima ilimwita Kasuku.

Wiki ile Kasuku hakuongea sana. Alikuwa amefaulu mtihani wa sekondari, na chuo kikuu kilimtaka achague shahada ya kusoma. Mwisho wa kutuma fomu ulikuwa Ijumaa. Na sasa ilikuwa tayari Jumanne.

“Chagua sheria,” baba alisema. “Mdomo unao.”

“Sheria siitaki, baba. Kuna shahada moja ya mifumo ya habari... ah, basi tu.”

Baba akasimamisha cherehani. “Utasoma taarifa ya habari redioni?”

Mama, aliyekuwa akipiga pasi, alicheka mpaka akashika ukuta.

“Siyo hiyo, baba! Ni mambo ya kompyuta. Lakini nimeshaghairi. Wenzangu wote wameikimbia. Wanasema ni ya wavulana wenye vichwa vya hesabu. Unajifungia na mashine, huongei na mtu. Mimi si nitakufa?”

“Hao wenzako walimuuliza nani?” sauti ikauliza mlangoni.

Alikuwa Mama Pacha, jirani yao, amekuja kuchukua sare za mapacha wake. Mtaa mzima ulijua kwamba anafanya kazi hospitali. Hakuna aliyejua anafanya nini hasa.

“Hawakumuuliza mtu,” Kasuku alikiri.

“Basi kesho twende kazini kwangu. Mimi nilisoma hiyo hiyo.”

Kasuku alitarajia chumba cha baridi kilichojaa mashine. Kumbe Mama Pacha alishika daftari na kalamu, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la dawa. Akazungumza na mfamasia. Akazungumza na muuguzi. Akawauliza wote wawili kwa nini foleni ya dawa haipungui.

“Kompyuta utafungua saa ngapi?” Kasuku alinong’ona.

“Nikishaelewa kazi ya watu. Kwanza najua nani anahitaji kujua nini, na wakati gani. Hiyo ndiyo habari. Mfumo ni njia ya kumfikishia.”

Kasuku akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Mzee mmoja mwenye mkongojo alifika dirishani.

“Dawa hii imeisha, mzee wangu,” mfamasia alisema. “Rudi kwa daktari akuandikie nyingine.”

Mzee alizitazama ngazi, akashusha pumzi. Daktari alikuwa ghorofa ya pili. Kasuku akamshika mkono, wakapanda pole pole. Aliposhuka, alipishana na mama mwenye mtoto mchanga, naye amerudishwa juu. Nyuma yake kijana. Nyuma ya kijana, mwingine.

Kasuku hakuweza kukaa tena. Alipanda ngazi mbili mbili, akagonga mlango.

“Shikamoo, daktari. Samahani. Hukujua kwamba ile dawa imeisha?”

“Marahaba. Nitajuaje, binti yangu? Naambiwa na wagonjwa wakirudi.”

Akateremka mbio mpaka kwa mfamasia. “Samahani, dawa zikiisha mnaandika wapi?”

Mfamasia alionyesha ubao mweupe ndani ya chumba chake. “Pale.”

“Na daktari anauona?”

Mfamasia akautazama ubao. Akamtazama Kasuku. “Hauoni,” akasema taratibu.

Kasuku alimvamia Mama Pacha nusura amwangushe. “Anayejua yuko chini! Anayehitaji kujua yuko juu! Kwa nini wasiunganishwe?”

Mama Pacha akaangua kicheko. “Wiki nzima nahoji wafanyakazi kuhusu foleni hii. Sikukaa kwenye benchi la wagonjwa hata mara moja. Unaona? Hiyo ndiyo kazi yenyewe!”

Jioni wote wawili walikuwa sebuleni kwa fundi. Kasuku alisimulia mpaka sauti ikakauka. Baba naye alikuwa na maswali yake.

“Hesabu je, Mama Pacha?”

“Zipo, fundi, na atajifunza kuandika programu na kuhifadhi taarifa kwenye kompyuta. Atafundishwa hatua kwa hatua. Lakini nusu ya masomo ni namna ofisi zinavyofanya kazi na namna ya kuwasikiliza watu. Mdomo wake na masikio yake vitapata kazi.”

“Na wasichana?”

“Darasani kwetu tulikuwa wachache. Wasichana wengi hawakuwahi kumwona mwanamke anayeifanya kazi hii. Usipoiona kazi, utaichaguaje?”

“Na ajira?”

“Siwezi kukuahidi ajira. Ila nitajie ofisi isiyotunza taarifa.”

Baba akalitazama daftari lake kando ya cherehani. “Hata mimi natunza vipimo vya wateja,” akasema, na mama akapiga makofi.

Alhamisi Kasuku alijaza fomu kwenye simu. Baba aliomba abonyeze yeye kitufe cha kutuma.

Miezi miwili baadaye, Mama Pacha alimwita tena hospitali. Sasa mfamasia akiandika kwenye kompyuta yake kwamba dawa imeisha, alama nyekundu ilitokea papo hapo kwenye kompyuta ya daktari. Kasuku alisimama chini ya ngazi tangu asubuhi hadi saa sita. Watu walishuka na karatasi, wakachukua dawa, wakaenda zao nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa juu. Kasuku alirukaruka mpaka muuguzi akamwambia hapo ni hospitali.

Chuo kilipofunguliwa, mwalimu wa somo la kwanza aliuliza, “Nani amewahi kuona mfumo ukirahisisha maisha ya watu?”

Mkono wa Kasuku ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Alianza na mzee wa mkongojo. Alipofika kwenye ubao wa mfamasia, mwalimu alikuwa amevuta kiti, amekaa kumsikiliza.